Sikio la Stoo ya Majiko

Kila jiko la mkaa lililotoka katika stoo ile lilikuwa na sehemu mbili: ganda la bati kwa nje, na chungu cha udongo kwa ndani, ambacho ndicho kinachoshika moto. Mabati yalifuliwa hapohapo, ng'ambo ya kichochoro, ambako mafundi kumi na wanne walikaa chini ya paa moja refu wakipiga nyundo kutwa. Vyungu vilitoka bondeni, mwendo wa saa mbili kwa lori, kwenye kikundi cha wanawake wafinyanzi. Na katikati ya bati na udongo alikaa mwanamke mmoja juu ya kigoda. Alichukua chungu kimoja kimoja, akakigonga kwa kifundo cha kidole cha kati, akainamisha kichwa kidogo, kisha akakiweka kulia au kushoto. Cha kulia kilikwenda kuvishwa bati. Cha kushoto kilikwenda kuvunjwa.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho. Watu wote walimwita Mama Gonga, na yeye mwenyewe aliitika hivyo bila kinyongo. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba, miguu iliyovimba kila ikifika alasiri, na mgongo uliozoea kigoda kiasi kwamba hata akikaa kwenye kiti cha kawaida aliinama.

Kugonga alifundishwa na mama mkwe wake. Aliolewa katika ukoo wa wafinyanzi, na marehemu mume wake ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwapelekea mafundi bati vyungu vya dada zake. Mume alipofariki, ushirika wa majiko ulimweka mjane kwenye stoo, kwa sababu hakuna mwingine mjini aliyejua siri yenyewe. Nayo ni siri nyepesi kuieleza na ngumu kuitenda. Chungu kizima hulia: ukikigonga, kinatoa sauti nyembamba inayokaa hewani kidogo kabla ya kuondoka. Chungu chenye ufa wa ndani, ule ambao jicho haliuoni, hakilii. Kinakohoa tu. Ukikivisha bati na kukizungushia saruji na majivu, jiko litapendeza kama majiko mengine, na wiki ya kwanza ya moto litapasuka na kummwagia mtu makaa jikoni kwake. Kwa miaka kumi na miwili hakuna chungu kilichovishwa bati kabla ya kupita mikononi mwa Mama Gonga.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, ya kusikiliza, na ulikuwa mwaka wa tatu tangu aache kusikia.

Masikio hayakumwacha kwa siku moja. Yaliondoka kama mgeni mwenye adabu, anayeaga chumba kwa chumba. Kwanza ilikuwa simu: ililia mkobani hadi binti yake akamuuliza kwa nini hapokei. Baadaye lilikuwa birika, lililopiga mluzi mpaka maji yakakauka na chini yake pakaungua, naye amekaa hatua tatu kutoka hapo akichambua mchele. Kisha sauti za wanawake zikawa kama zinasemwa nyuma ya godoro. Sauti nzito za wanaume zilibaki kwa muda, na sauti ya nyundo haikuondoka kabisa. Ilimfuata hadi nyumbani na kuvuma ndani ya kichwa chake hata kichochoro kizima kikiwa kimya.

Binti yake, fundi cherehani aliyeshonea sebuleni, alijua. Alimwambia mara nyingi waende hospitali, na mara nyingi Mama Gonga alimjibu kwamba wataenda mwezi ujao, vyungu vikipungua. Vyungu havikuwahi kupungua.

Kazini alijitafutia njia. Badala ya kukishika chungu mkononi, alikipakata, akakibana kifuani chini ya mfupa wa koo, ndipo akakigonga. Chungu kizima kilimtetemesha mfupa; kibovu hakikutetemesha. Alijifunza kusikia kwa kifua kama wengine wanavyosikia kwa masikio, na hakukosea, au alikosea mara chache sana. Watu waliomwona waliona ni mapenzi. Kiongozi wa wafinyanzi, ambaye ni wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, alipokuja na lori alimtania mbele ya wapakuzi: "Mtazameni wifi yangu. Akimaliza kuvigonga atavinyonyesha."

Mama Gonga alicheka pamoja na wengine. Alikuwa ameusoma utani huo kwenye midomo.

Lakini kusikia kwa kifua na kwa macho kunachosha. Mwenye masikio hupokea maneno akiwa ameangalia pembeni, akifunga kamba za viatu, akifikiria mambo mengine. Asiye nayo hulazimika kulikimbilia kila neno, na akilikosa moja hulitafuta kwa mawili yaliyofuata. Ikifika saa tisa, uso wa Mama Gonga ulikuwa umekauka kwa kutabasamu na kuitikia kwa kichwa. Alipofika nyumbani alikaa kitandani na viatu vyake miguuni, akashindwa kuamua aanze kukivua kipi.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa wakati mratibu alipoletwa.

Alikuwa kijana mstaarabu, mwenye shati lililopigwa pasi na kalamu za rangi nne mfukoni, aliyetumwa na wafadhili wa ushirika kupanga mnyororo wa ugavi. Siku yake ya pili alibandika karatasi kubwa kwenye ukuta wa stoo, akachora visanduku na kuviunganisha kwa mishale: udongo, kufinyanga, kukausha, tanuri, lori, stoo, bati, kuunganisha, maduka. Mafundi wakampa jina la Mshale siku hiyohiyo. Hata hivyo, haki yake apewe, hakuwa mchoraji tu. Alishuka bondeni, akalala huko siku tatu, akahesabu muda ambao kila chungu kinakaa bila kufanyiwa chochote. Akagundua kwamba chungu kinachohitaji siku kumi na nne za kukauka kivulini na siku mbili za tanuri kilikuwa kinakaa siku tisa nyingine kikingoja lori, kisha siku sita stooni kikingoja bati. Alibadilisha safari za lori zikawa za kila wiki. Aliwaambia mafundi wafue maganda kabla vyungu havijafika badala ya baada. Vitu vidogo, lakini kwa mara ya kwanza watu waliona majiko yanatoka kwa mfululizo, kama maji bombani.

Mwishoni alifika kwenye mshale uliotoka kwenye lori kwenda kwenye bati. Hapo alikuwa ameandika, kwa kalamu nyekundu: ukaguzi, mtu mmoja.

Alivuta ndoo akaigeuza, akakaa mbele ya kigoda, akamuuliza Mama Gonga ingekuwaje siku akiugua. Mama Gonga alijibu kwamba haugui. Kijana akasema kila mtu huugua, akaandika kitu. Akauliza kama angeweza kukagua vyungu sitini kwa saa badala ya arobaini, kwa kuwa oda kubwa ilikuwa njiani. Mama Gonga alimwelewa vizuri. Alijua pia kwamba hawezi. Aliitikia kwa kichwa, kwa sababu kukataa kungeleta maswali mengine, na maswali yangeleta midomo mingine ya kusoma, na ilikuwa imeshafika saa tisa.

Kijana akaandika: sitini.

Oda yenyewe ilitoka kwa mwenye maduka kumi na mawili, mtu ambaye hadi wakati huo alikuwa akiuza majiko ya kuagizwa kutoka nje tu. Alitaka majiko madogo elfu moja na mia mbili, ya kumtosha mtu anayeishi peke yake kwenye chumba kimoja, yaletwe mia mbili kila mwezi. Sharti lake lilikuwa moja. Katika kila mia, yakirudi mabovu zaidi ya matano, angeendelea na majiko yake ya nje na wasionane tena. Wafinyanzi kumi na tisa bondeni walifurahi sana. Wifi alituma ujumbe kwamba wanachimba shimo la pili la udongo.

Tatizo lilikuwa neno dogo katika oda hiyo: dogo. Chungu kikubwa kilinguruma kifuani mwa Mama Gonga. Hiki kipya, chepesi kama bakuli, kilikuwa kama kubisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Alikibana zaidi, akafumba macho, akagonga kwa nguvu mpaka kifundo kikachubuka. Hakupata kitu. Siku ya kwanza aliviweka kushoto vyote alivyovitilia shaka, na kushoto kukajaa hadi mlangoni, mratibu akaja kuuliza kulikoni. Siku ya pili alianza kukagua kwa macho. Alivigonga bado, kwa sababu watu walimtazama, akainamisha kichwa kama zamani, na vile vilivyopendeza akaviweka kulia. Alijiambia kwamba mikono ya wifi yake ni mizuri, na moto wa tanuri lao ni wa kuaminika. Alijiambia mengi.

Majiko mia mbili ya kwanza yalikwenda. Katika wiki ya tatu, thelathini na moja yalikuwa yamerudi.

Yalipangwa stooni kwenye mkeka, kila moja na chungu chake kilichopasuka katikati kama mdomo. Barua ya mwenye maduka ilisema angepokea shehena moja zaidi, ya mwisho, kwa kuwa alikuwa ameshatangaza. Chini kabisa iliongeza kwamba mteja mmoja, mwanamke, alimwagikiwa na makaa na kuungua mguu. Mama Gonga aliisoma barua hiyo mwenyewe, mara mbili. Aliangalia yale majiko thelathini na moja na kujaribu kukisia ni lipi.

Mratibu hakufoka. Alisimama mbele ya karatasi yake siku nzima, akafikiri kwa utaratibu, kama alivyofundishwa. Mkaguzi ni yuleyule. Njia ya kukagua ni ileile, na kwa miaka kumi na miwili haijawahi kushindwa. Basi kilichobadilika ni udongo: wafinyanzi wamechimba shimo jipya na wameharakisha kukausha. Kulikuwa na kiwanda cha vigae, mbali kidogo, kilichoweza kutengeneza vyungu kwa mashine, vyote sawasawa. Alichora mshale mpya kutoka huko hadi stooni. Juu ya kisanduku cha bondeni alipiga mstari wa penseli, mwembamba, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki na alitaka kwanza kumsikiliza kiongozi wa wafinyanzi. Wifi aliitwa kwa siku ya Alhamisi.

Mama Gonga aliuona mstari wa penseli Jumanne, alipokuwa akifagia. Alisimama na ufagio. Kumi na tisa, na yeye aliwajua wote. Wengine aliwashikia watoto wao siku walipozaliwa. Hata mwanzo wake mwenyewe ulikuwa huko, katika uwanja wa mama mkwe wake, mikono imejaa tope. Na angefanya nini? Akisema, atatoka stooni, na nje ya stoo hajui kuwa nani. Akinyamaza, bonde litafungwa kwa kosa ambalo si lake. Usiku wa kuamkia Jumatano hakusali wala hakulia. Alilala tu, kama mtu aliyetupwa, akaamka amechoka vilevile.

Jumatano adhuhuri nyundo zilisimama kwa ajili ya chakula, na mzee wa mafundi akavuka kichochoro. Walimwita Mzee Bati. Alikuwa amefua mabati tangu ujana na alizungumza kwa kupiga kelele hata kanisani au msibani, na watu walimsamehe kwa sababu kila mtu alijua ni kiziwi. Aliketi juu ya gunia, akatoa kipande cha mkate, akamtazama Mama Gonga usoni na kumwambia kwamba masikio yake yeye yalikwenda mwaka wa kumi wa kazi, la kulia kwanza, kisha la kushoto likafuata kama mke mwema.

"Pole, mzee," alisema Mama Gonga. "Uliwaambiaje nyumbani?"

Mzee Bati alitafuna kwanza. Halafu akasema, safari hii kwa kelele zake za kawaida: "Nimekuambia maneno yote hayo bila sauti, mama. Nimechezesha midomo tu. Mwenye masikio angeniuliza kama nimepandwa na wazimu."

Mkono wa Mama Gonga ulibaki umeshika chungu. Alitazama sakafu, mahali ambapo hapakuwa na midomo.

Mzee alimgusa goti ili amtazame. Alieleza kwamba alimgundua tangu mwaka juzi, kwa sababu kipofu hawezi kumficha kipofu mwenzake fimbo. Alinyamaza kwa kuwa hayakuwa yake. Lakini sasa ameona mstari juu ya bonde, na hakutaka kufa akiwa ameuona na kunyamaza. Mama Gonga alimuuliza ni nini kilichomfanya hivi, uzee au uchawi, na mzee akacheka hadi mkate ukamtoka.

"Uchawi gani? Ni sisi," alisema, na kuelekeza kidole ng'ambo ya kichochoro. "Walitafuta mtu mwenye sikio jema kuliko wote, wakaenda kumkalisha chini ya nyundo kumi na nne ili vyungu visitembee mbali. Huo ndio mpango."

Alhamisi wifi alifika na lori la saa nne. Alikuwa mwanamke mnene, mfupi, mwenye udongo mkavu kwenye viwiko, na mdomo ambao haukuwahi kupumzishwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye karatasi ya ukutani, akamwomba mratibu amwoneshe bonde liko wapi, akaoneshwa, akaona mstari.

Walivutana nusu saa. Mratibu alieleza kwa upole habari za shimo jipya na siku za kukausha. Wifi alijibu kwamba shimo jipya liko hatua nane kutoka lile la zamani na udongo ni mmoja, dada na dada. Kwamba hawakupunguza hata siku moja ya kukausha, aulize mtu yeyote. Na kwamba vyungu vya mashine ni vizuri sana kwa mtu anayependa kuviangalia. Sauti yake ilipanda, ikaanza kupasuka. "Bwana mdogo, umelala kwangu siku tatu. Umekula kwangu. Kama udongo wetu ulikuwa mbaya, ungetuambia tukiwa bado tunaangaliana."

Kijana aliinamisha macho.

Mama Gonga alikuwa kwenye kigoda chake, akigeuza kichwa kutoka mdomo huu kwenda mdomo ule. Alikuwa amepanga maneno ya kuanzia tangu alfajiri. Sasa aliona ni marefu, na hakuwa na nguvu ya kuyapitia yote.

"Udongo hauna kosa," alisema. "Sisikii. Ni mwaka wa tatu huu."

Mratibu alidhani amemaanisha kwamba hakuyapata mazungumzo, akaanza kurudia. Mama Gonga alimkatiza kwa mkono. Alimweleza kuhusu kifua, na vyungu vikubwa vilivyotetemesha mfupa, na vidogo visivyotetemesha kitu. Na kwamba vile mia mbili alivipitisha kwa macho, kwa kuvikisia, na mguu wa yule mteja uliunguzwa na mkono wake yeye. Alisema yote hayo kwa sauti ya mtu anayetaja vitu vya kununua sokoni. Alipomaliza alifuta mikono kwenye kanga yake, ingawa haikuwa na kitu.

Wifi ndiye aliyesema kwanza.

"Miaka mitatu," alisema. "Ninakuja hapa na kila lori, ninaongea mpaka taya zinaniuma. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa ninakutazama, wifi."

"Na mimi nikajua unanipenda." Alikuwa na hasira kweli, macho yamejaa. "Kaka yangu amekufa, umebaki wewe. Ungengoja waje kulizika bonde zima ndipo useme?"

Mratibu alikaa kwenye ndoo, akafungua kalamu na kuifunga. Kisha, huenda ni kwa sababu hakujua kingine cha kufanya, aliuliza swali la kazi. Alimuuliza wifi kama huko bondeni wao wenyewe huvigonga vyungu kabla ya kuvipakia.

Hapo wifi, ambaye hakukosa maneno hata siku ya harusi yake, alianza kusema ndiyo, akaacha. Kisha akakiri, akiongea na kiwiko chake zaidi ya watu, kwamba zamani za mama yao kila chungu kiligongwa kwenye mdomo wa tanuri. Tangu stoo ianze waliacha. Walikuwa na wasiwasi na vyungu vingi tu, vile vilivyokaa pembeni ambako moto huwa haba, lakini walivipakia vyote hivyohivyo. Walikuwa na msemo wao wa kupakia: sikio liko mjini.

Mratibu aligeuka taratibu na kuangalia karatasi yake. Ilikuwa ni kama mtu anayeona kwamba amechora nyumba nzuri na kusahau mlango. Huku chini walipakia bila kugonga kwa sababu juu kuna anayesikia, na huku juu aligonga asiyesikia, akiamini waliofinyanga. Katikati, kwa saa mbili za barabara, hapakuwa na mtu. Aliuliza, karibu kwa kunong'ona, ni mahali gani penye utulivu kuliko pote katika safari nzima ya jiko.

"Kwetu," alisema wifi, "hata siafu akikosa njia unamsikia."

Siku hiyo mstari wa penseli ulifutwa, ukaacha doa la kijivu ambalo halikutoka. Kisanduku cha ukaguzi kilitolewa stooni kikashushwa bondeni, kwenye mdomo wa tanuri, watu watatu kwa zamu, na kila anayegonga aweke alama yake ya mkaa kwenye kitako cha chungu ili ajulikane. Mshale wa kiwandani mratibu aliuacha kwa sasa, kwa vitone vitone. Alisema wazi kwamba ikiwa shehena ya pili itarudi kama ya kwanza, hataweza kuwatetea.

Jambo la mwisho lilikuwa gumu zaidi kwake kuliko yote. Alimuuliza Mama Gonga amwandike wapi. Alipendekeza neno "mshauri", akalisema kwa heshima, akimtazama usoni na bila kutafuna kalamu.

"Mshauri huulizwa maswali kutwa," alisema Mama Gonga. "Nimechoka kuulizwa, mwanangu. Niandike kwenye kuziba."

Kuziba ni kazi ya mwisho kabisa: kuchanganya saruji na majivu, na kujaza nafasi kati ya chungu na bati kwa mwiko mdogo. Inachubua vidole, na haina jina. Wote waliokuwa wakiifanya walikuwa wasichana wa chini ya miaka ishirini, na siku ya kwanza walisimama kumpisha kama mgeni. Wiki nzima hakuna aliyejua amwiteje. Jina la Mama Gonga lilikuwa limeanza kuwakwama watu kooni. Mratibu alikuja asubuhi na kusema shikamoo, akasimama kidogo, akaondoka. Binti alimpeleka hospitali, ambako waliambiwa kwamba yaliyokwenda hayatarudi, na kwamba kuna vifaa vya kuvaa, ila foleni yake ni ndefu. Wakaandikishwa kwenye foleni. Njiani kurudi nyumbani Mama Gonga hakujilazimisha kuusoma mdomo wa mtu yeyote. Alitazama barabara.

Alianza kulala mchana, baada ya kazi, usingizi mzito wa mtoto. Alikuwa na deni la usingizi la miaka mitatu.

Shehena ya pili ilikwenda. Zilipita wiki tatu ambazo wifi hakukanyaga mjini. Alimtuma mwingine na lori. Yalirudi majiko saba kati ya mia mbili. Mwenye maduka hakuandika barua safari hii, aliagiza tu mia mbili yanayofuata, na hiyo ndiyo ilikuwa furaha yote iliyopatikana. Vyungu vya mashine havikuletwa.

Siku iliyofuata lori lilifika na wifi mwenyewe ameketi mbele. Aliteremka bila hata salamu. Aliingia stooni, ambako mke wa kaka yake, ambaye mafundi walikuwa wameanza kumwita shemasi wa saruji na majivu kwa ule ukimya wake wa kanisani, alikuwa ameinama juu ya jiko, mgongo ukiwa mlangoni. Akaanza kulalamika pale pale: kwamba tanuri la mwisho lilitoa vyungu mia mbili na sitini na amelazimika kuvunja arobaini na tisa kwa mkono wake, vingine vya mashangazi zake, kwamba kuna wawili bondeni hawamwamkii, kwamba yeye sasa ndiye anayeitwa mchawi wa vyungu, na yote haya ni kwa sababu ya mtu fulani anayejua kutabasamu. Aliongea hatua sita nzima. Mgongo haukusogea. Mwiko uliendelea kuzunguka ukingo wa chungu, polepole, ukilainisha.

Wifi alifunga mdomo. Alisimama hapo kwa muda, mkono kiunoni, akiutazama ule mgongo. Kisha akazunguka meza, akavuta ndoo akaigeuza, akakaa mbele kabisa, magoti yakigusana, mpaka Mama Gonga akainua macho na kuweka mwiko chini.

"Nimekutukana tangu mlangoni," alisema wifi, "kumbe ninapoteza mate." Akaifungua kanga aliyojifunga usoni kwa ajili ya vumbi la barabara, ili mdomo wote uonekane, na akaanza upya, taratibu, tangu kwenye vile vyungu mia mbili na sitini.